Pipa la Bia la Arnstein

Shemeji yangu Arnstein ni mwoga. Nasema hivyo mbele yake, naye huitikia kwa kichwa. Miaka thelathini na moja alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha maziwa cha bonde letu, na hakupigwa shoti hata siku moja, kwa kuwa kila waya aliupima mara tatu kabla ya kuugusa. Barafu ya ziwani haikanyagi mpaka aone gari limepita juu yake. Hakuoa. Wanawake wawili walimsubiri aamue, wakachoka, na mmoja wao hadi leo akimwona dukani hucheka peke yake.

Mahali pekee anapotembea kama watu wengine ni msituni. Kila msimu wa kuwinda elg, wale wanyama wetu wakubwa wa pembe pana, Arnstein huingia na bunduki ya marehemu baba yake begani, na wenzake wanasema huko hashtuki wala hageuki nyuma. Sisi wengine huyo Arnstein hatujawahi kumwona.

Kaka yake mkubwa, Kolbein, ndiye mume wangu. Huyu haogopi kitu isipokuwa harufu.

Huku mkoani kwetu Trøndelag gongo la kupika nyumbani limekatazwa na sheria, na bado hakuna mazishi, wala paa la kuezekwa kwa msaragambo, wala mwisho wa msimu wa kuwinda, bila karsk: kahawa nyepesi iliyotiwa gongo la nguvu. Kila mtu anajua nani anapika, na hakuna anayesema. Lakini harufu ikifika barabarani, mkuu wa polisi, Bi Ragnfrid, hana budi kufanya kazi yake. Ni mama mwema. Kila Jumamosi hupita kwetu na mbwa wake, na mwaka mzima tunamwombea mafua.

Kolbein alipikia katika chumba cha mawe chini ya nyumba, sawasawa na pale kitanda changu kilipo. Alikuwa na mtungi wa gesi, jiko la moto wazi, na juu yake chungu cha shaba cha babu yao, kifuniko kimezibwa kwa unga wa shayiri uliokandwa. Nililala juu ya moto ule miaka ishirini na sita na sikuuwaza.

Machi mwaka juzi mtambo wa Eilert Hofstad, ng'ambo ya mto, ulivuja. Mvuke wa gongo ukatambaa sakafuni hadi kwenye moto wa jiko. Tulisikia kishindo tukadhani ni theluji imeporomoka mlimani. Eilert alizikwa katika jeneza lililofungwa, na baada ya maziko watu wakanywa karsk, maana ndivyo inavyofanywa.

Tangu siku ile Arnstein hakulala. Siku ya tatu alikuja kwetu macho yamemwiva, akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Kaka, acha gesi."

"Eilert alikuwa mlevi," Kolbein akasema. "Mimi napika nikiwa sijaonja."

"Mvuke hauulizi nani kalewa."

"Mdogo wangu, wewe hata daraja hulivuki bila kuliomba radhi. Leo unifundishe mimi kupika?"

Nikaingilia, nikamgeukia mume wangu. "Baba Sunniva, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Cha kwa Eilert hukukisikia?"

"Nilikisikia. Nikanywa na kahawa yake." Akaondoka zake kwenda kulisha ng'ombe.

Arnstein alibaki ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nilijua kinachomtafuna. Hakuwa na mtu mwingine duniani ila huyu kaka mkaidi, na alikuwa ameshamwona ndani ya jeneza lililofungwa. Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa, kwamba atamtengenezea mtambo wa umeme, usio na moto.

"Ukikamatwa nao?" nikamuuliza.

"Watanichukulia bunduki," akasema. "Mwenye kesi hapewi kibali." Kuanzia hapo kope ya jicho lake la kushoto ikaanza kucheza, na haikutulia hadi Novemba.

Pipa alilipata kwenye ukumbi wa kijiji, pipa la bia la chuma kisichoshika kutu, lita hamsini, limekaa stoo tangu harusi ya mtu ambaye sasa ana wajukuu. Mtunza ukumbi alimuuliza la nini. Arnstein akasema la chambo cha samaki, akawa mwekundu hadi masikioni.

"Chambo lita hamsini?" yule mzee akamwambia. "Basi ukimpata huyo samaki usinisahau. Mimi nampenda na kahawa."

Alifanya kazi miezi mitano, katika banda lake, mapazia yamefungwa. Alianza kwa kutoa hewa iliyobanwa ndani ya pipa, kidogo kidogo, uso ameugeuzia ukutani. Akalijaza maji na kulimwaga mara nne. Akatoboa matundu mawili ubavuni, karibu na kitako, akachomelea vipande vifupi vya bomba la chuma, na humo akakaza hita mbili za tangi la maji ya moto. Nyaya zote akazifungia ndani ya kisanduku cha chuma chenye waya wa ardhini mnene kuliko kidole changu. Swichi hakuiweka karibu na pipa. Aliiweka nje ya mlango wa chumba, juu ya ngazi, ili anayezima asilazimike kuingia. Juu ya pipa akasimamisha bomba la shaba lenye kipimajoto, na mvuke ukapozwa kwa maji ya mfereji hadi utone ndani ya ndoo ya chuma iliyokaa mbali, upande wa pili wa chumba. Siku alipoujaribu kwa maji matupu nilimwona akilizunguka pipa lile na kulipapasa kila mshono kama daktari na mgonjwa wake.

Ukutani aliandika kwa rangi nyekundu: hita zifunikwe na maji kabla ya kuwasha, dirisha liwe wazi, mtu asiondoke, moto usiingie.

Kolbein alisoma, akapiga mluzi. "Kanisani kuna amri kumi. Wewe umetuhurumia." Lakini niliona amefurahi. Alipapasa ule mshono wa chuma, akasema baba yao angemkubali, na Arnstein akatazama viatu vyake.

Mtungi wa gesi Arnstein aliubeba mwenyewe, akaupeleka kwake na kuufungia. Usiku ule nililala, na naamini naye alilala.

Upishi wa kwanza wa kweli ulikuwa Jumamosi moja ya Novemba, wiki mbili kabla ya karamu ya wawindaji. Walimimina maji ya sukari na hamira yaliyochachuka, Arnstein akapima kina kwa ufito mara tatu, akapanda ngazi, akawasha. Saa tatu nzima alikaa kwenye kigoda mbele ya pipa, kipimajoto mbele ya macho. Matone ya kwanza aliyamwaga, yale yenye sumu. Kisha likaanza kuja gongo lenyewe, safi.

Hapa nina kosa langu, na sitalificha. Jumamosi mchana huku tunakula uji mzito wa mchele na maziwa, siagi katikati. Nikamwita. Akasema hawezi, mtu asiondoke. Nikamwambia mwenye nyumba si yupo humo, na uji ukipoa unakuwa gundi. Kolbein naye akamsukuma begani: "Nenda ule, mdogo wangu. Unaniogopesha hata mimi."

Akapanda. Alikula amesimama, karibu na mlango wa ngazi, ameuacha wazi. Hakujua kwamba alipogeuka tu, Kolbein alifunga dirisha na kulisokomeza blanketi la farasi. Ilikuwa karibu saa tisa, na Bi Ragnfrid na mbwa wake walikuwa njiani.

Hakujua pia kwamba Kolbein ameiondoa ile ndoo ya chuma na kuweka chupa kubwa ya kioo, ya lita kumi, ili aone gongo lilivyo jeupe. Chupa ilikuwa imefika nusu.

Tulisikia kiberiti. Ulikuwa mkwaruzo mmoja mdogo tu. Arnstein akageukia ngazi na uji mdomoni.

"Kaka, unafanya nini?"

"Napima," Kolbein akaitikia kutoka chini.

Kila mtu hapa hupima hivyo. Unakinga gongo kidogo kwenye kijiko, unaliwasha, ukiona mwali wa bluu usiotoa moshi unajua ni zuri. Baba yao alipima hivyo, na babu yao. Mume wangu alikuwa amesoma ile amri ya nne, moto usiingie, na mbele za Mungu hakuwa na habari kwamba kijiko nacho kimo. Baadaye aliniambia: "Ule si moto. Ule ni kipimo."

Arnstein alipiga swichi kwa kiganja na kushuka kabla sijatua sufuria. Sikusikia kishindo. Nilisikia kitu kama pumzi ndefu, nikasema moyoni, basi, ni leo. Nilipofika ngazini sakafu ilikuwa ikitembea rangi ya bluu. Mkono wa sweta la Kolbein ulikuwa unawaka naye ameganda, kijiko bado mkononi, anautazama kama mkono wa mtu mwingine. Arnstein alimrukia, akamfunika kwa koti, akamsukuma kwenye ngazi nami nikamvuta. Nilidhani anakuja nyuma yetu.

Alirudi kwa ile chupa. Mdomo wa chupa ulikuwa unawaka, na ndani mlikuwa na lita tano. Ingepasuka pale, nyumba yangu ingekwenda na pipa na sisi sote. Aliikumbatia kwa mikono miwili, akapanda ngazi nane polepole, kwa namna anavyopita kwenye barafu, asiimwage. Moto ule mchana hauonekani vizuri. Nilichoona ni ngozi ya mikono yake ikibadilika. Alikuwa analia kwa sauti, kama mtoto, na hakusimama. Nikamfungulia mlango, akatoka, akaizika chupa kwenye theluji, kisha akaingiza na mikono.

Chini, moto ulijifia wenyewe juu ya mawe.

Niliwapeleka kliniki kwa gari. Arnstein alikaa mbele, viganja juu ya magoti, ndani ya taulo lenye theluji. Gia zilinikataa mara mbili. Tulipopita kanisa, Kolbein kule nyuma akarudiwa na sauti yake.

"Semeni ni mafuta ya kukaangia. Sufuria ilishika moto. Mmesikia?"

Nikaongeza mwendo.

"Pipa lenyewe halina hata mkwaruzo. Mdogo wangu, umetengeneza kitu." Akakohoa. "Kosa ni ile chupa. Jumamosi ijayo tutaweka ndogo."

Nilimtazama Arnstein. Kope yake ilikuwa imetulia.

Kliniki walimwingiza Kolbein kwanza, maana yeye ndiye aliyepiga kelele. Mikono ya Arnstein waliifunga hadi kwenye viwiko, wakasema gari la kumpeleka hospitali ya mjini litafika muda si mrefu. Tukakaa wawili kwenye benchi la korido.

"Shemeji," akasema, "nipigie simu. Sina vidole."

"Nimpigie nani?"

"Ragnfrid."

Nilidhani maumivu yamemchanganya. "Arnstein, watachukua bunduki yako."

"Najua."

"Watakushitaki wewe uliyeutengeneza. Na kaka yako hatakusamehe. Nami pia hatanisamehe, unamjua."

"Namjua, ndiyo maana." Alikuwa anatetemeka mwili mzima, benchi lilikuwa linagonga ukuta. "Umemsikia kwenye gari. Jumamosi ijayo, shemeji. Jumamosi ijayo mimi sina mikono ya kumtolea motoni."

Nilikaa na simu mapajani. Nilimfikiria mume wangu na hasira zake, na miaka yote iliyobaki ya kula naye meza moja. Kisha nikafikiri juu ya jeneza la Eilert, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa ngazini.

Nikabonyeza namba, nikamshikia simu sikioni. Meno yake yaligongana hivi kwamba ilimbidi aanze upya mara mbili. Akataja jina lake, akasema pipa liko wapi na nani kalitengeneza. Mlango wa chumba cha matibabu ukafunguliwa, Kolbein akatoka, mkono umening'inizwa kwa kitambaa, uso umerudiwa na rangi.

"Mnaongea na nani?" akauliza.

Arnstein alikuwa bado anaeleza njia ya kushukia kwenye chumba cha mawe chini ya nyumba yetu.