Salamu za Boke zilivyonitetemesha nikiwa live na masikio ya sungura

Wakuu, kwema? Hiki kilinipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa wala sijaongeza chumvi.

Naendesha kipindi cha watoto kwenye TV moja ndogo ya cable hapa Tarime. Watoto wananiita Anko Sungura, maana navaa masikio ya kitambaa na mkia. Mtu mzima na ndevu zangu. Chekeni tu, ndiyo ugali wangu.

Tunakwenda live. Mwisho wa kipindi kila mtoto anashika mic na kutuma salamu.

Jumamosi hiyo walikuja watoto wa Nkende, wameletwa na baba mdogo wa mmoja wao, Boke, wa darasa la tano. Mzee akakaa mapokezi, kuna TV pale.

Zamu ya Boke ikakuta muda umekwisha. Nikanyoosha mkono nichukue mic. Akaing'ang'ania.

"Namsalimia shangazi yangu wa Morotonga. Shangazi, njoo unichukue. Likizo hii wanataka kunikeketa. Naogopa."

Aisee, mic nikaiacha mkononi mwake.

Kupitia kioo nikamwona baba mdogo anasimama. Dada wetu wa mitambo akawahi kufunga mlango kwa ndani, akaweka katuni, akapigia polisi, dawati la jinsia.

Mlango ukaanza kugongwa.

"Anko, fungua! Huyo mtoto ni wetu! Na kwako nyuma ya kanisa napajua!"

Nina mke na mapacha hapo nyuma ya kanisa. Niliwaza kufungua, sifichi.

Lakini Boke alikuwa ameushika mkia wangu kwa mikono miwili, na wenzake wanaanza kulia. Nikawaimbisha. Sauti inatetemeka, masikio nayo yanatetemeka.

Polisi wakafika, wakamtoa yule mzee, wakamchukua Boke. Mlangoni akanigeukia.

"Anko, salamu zimefika?"

Nikampungia mkono.

Kumbe kuna mtu alirekodi akarusha kwenye magroup. Jioni shangazi mtu akapiga simu studio akiwa kituo cha polisi, analia.

"Mwambieni Anko zimefika. Ninaye hapa."

Boke sasa anasoma huko Morotonga. Mimi nikitoka kazini bado nageuka nyuma, na njia nabadilisha.

Nilichojifunza: mtoto akishika mic, mwache amalize. Siku hizi kwenye kipindi changu salamu zinakuja mwanzo.

Wakuu, ingekuwa wewe na familia yako nyuma ya kanisa, ungefungua? Semeni ukweli, nasoma zote.