Rangi Ambayo Projekta Haikuionyesha

Hadi leo nikisikia harufu ya vumbi linaloungua juu ya kifaa cha umeme, hasira hunipanda. Ndiyo iliyokuwa harufu ya somo la kemia katika shule yetu ya sekondari, nje kidogo ya Ihumwa, mwaka ule wa kidato cha nne mfadhili alipotuletea projekta. Vumbi la kiangazi liliingia kwenye matundu yake, taa ikapata moto, nasi tukakaa gizani tukitokwa jasho, madirisha yamezibwa kwa mashuka ya bwenini. Ukutani, mkono wa mtu tusiyemjua ulifungua koki ya bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia, asidi ikadondoka kwenye chupa, maji ya njano yakageuka mekundu. Kila kipindi mkono ule ule. Bureti zetu wenyewe zilikuwa chumba cha pili, zimefungiwa kabatini, na mkuu wa shule alitembea na ufunguo mfukoni. "Vioo vinavunjika," alisema, "video haivunjiki." Wageni walipokuja walipiga picha na projekta, wakala kuku, wakaondoka. Nilimchukia mkuu yule, na sijaona sababu ya kuacha.

Neema, niliyekaa naye dawati moja, alitaka kuwa daktari, na bila kemia ndoto hiyo ilikuwa imekwisha. Siku moja alimfuata mkuu uwanjani.

"Shikamoo mwalimu. Tunaomba tushike bureti, hata mara moja tu, kabla ya mtihani."

"Marahaba. Kwani ukutani huoni?"

"Naona, mwalimu."

"Basi!"

Kabati lilifunguliwa siku ya mtihani. Vioo vilikuwa bado na karatasi za dukani. Neema alikuwa meza ya mbele yangu, akidondosha asidi kwa uangalifu. Maji ya njano yakawa rangi ya chungwa, na hapo ndipo alipotakiwa kufunga. Hakufunga. Kwenye ukuta wetu uliopauka, njano na chungwa zilikuwa kitu kimoja; macho yetu yalikuwa yamezoeshwa kungoja nyekundu. Akangoja nyekundu. Wote tukangoja nyekundu, tukapitiliza darasa zima. Mimi kufeli sayansi hakukuniuma sana. Yeye alifeli kemia, akarudi kwao kulima mtama, na jina la mfadhili kwenye projekta likapakwa rangi mpya.

Juzi nilikwenda kikao cha wazazi katika shule moja huku Ipagala kwa niaba ya dada yangu. Mkuu wa shule, kijana aliyevaa tai, alituonyesha skrini kubwa inayoguswa kwa kidole, ikichemsha maji yasiyo na joto. Skrini ni nzuri kuliko projekta yetu, rangi zake zote zinaonekana, na bado hasira ilinipanda. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Safu ya nyuma alisimama mama mmoja ambaye hakupiga. Alikuwa Neema, mwanawe anasoma pale.

"Mwalimu, hongera," alisema. "Ufunguo wa maabara anao nani?"

Watu wakacheka. Mkuu naye akacheka, kisha mkono wake ukaenda mfukoni.