Upinde Uishie Kitovuni

Jirani yangu mmoja hapa Kamukuzi, Mbarara, huchonga mipini ya majembe nyuma ya nyumba tunayopanga. Kabla ya kuipeleka sokoni huipitisha juu ya makaa, kisha huipaka mafuta ya mbuzi. Moshi wa mti mbichi ukichanganyika na mafuta yale hutoa harufu moja ambayo kwa wengine pengine ni ya kukera tu. Kwangu mimi ni harufu ya mikono ya baba. Ikinifikia nikiwa nafua, huziacha nguo kwenye beseni nikaingia ndani. Watoto wangu wamezoea, husema mama kaingiwa na moshi machoni, nami sijawahi kuwasahihisha.

Nyinyi nitawaambia.

Mimi, Feza, na ndugu yangu Shukuru tulizaliwa pacha, huko milimani Kivu Kusini. Tulilingana kimo tangu siku ya kwanza. Ukitusimamisha mgongo kwa mgongo, fimbo ungeweza kuilaza juu ya vichwa vyetu isianguke. Baba yetu alilima kama watu wote, lakini sifa yake ilikuwa pinde. Alizichonga fupi, kwa sababu pori la kwetu limesongamana na upinde mrefu hunasa kwenye matawi kabla hujauvuta. Wa mtu mzima ulimfika kifuani. Wa mtoto uliishia kitovuni. Tulipotimiza miaka sita alimchongea Shukuru upinde wake wa kwanza. Windo lake la kwanza lilikuwa kuku wa shangazi, na la mwisho lilikuwa kuku huyo huyo, maana hakuwahi kumpata.

Mwaka ule ule tukakimbia. Mimi nakumbuka vumbi na kelele tu. Mengine aliniambia mama miaka ya baadaye, kwa sauti ya chini, baba akiwa shambani. Mama alinishika mimi, baba akamshika Shukuru. Karibu na mto, watu wakisukumana, upinde ukamponyoka mtoto. Akauvuta mkono ili arudi kuuokota. Baba akamwambia, "Acha, nitakutengenezea ingine." Lakini mkono ulikuwa umeshatoka. Baba alirudi, akaita, akatafuta, mpaka risasi zikamfukuza. Alipotukuta ng'ambo, kiganja chake kilikuwa bado kimekunjika namna ile mtu anavyomshika mtoto.

Tulipofika Kabazana, pale wageni wanapoandikishwa kabla ya kupewa kiwanja, baba alisema tuko wanne. Mwandikishaji akatuhesabu kwa macho, akarudia kutuhesabu. Baba akamwambia mmoja anakuja.

Tukapewa kiwanja Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, tukajenga nyumba ya udongo, tukaifunika kwa turubai la msaada. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Nyumbani kwetu asiyekuwepo alikuwa na mkeka wake, ambao hakuna aliyeulalia, na sahani yake, ambayo mama aliiosha kila jioni ingawa haikuwa na uchafu. Mimi niliyekuwepo nililala miguuni pa mama.

Mwaka wa kwanza, mwezi wa nane, baba akaanza kutimiza ahadi. Kukata miti ovyo kulikatazwa, na wenyeji walikuwa wakali kwa haki, kwani wakimbizi tulikuwa wengi na kila mmoja alihitaji kuni. Lakini ng'ambo ya mashamba alikuwepo mzee mmoja mwenyeji, Mnyankole, mfugaji, aliyekuwa na kichaka cha mikole. Baba akamwomba ufito mmoja tu kwa mwaka. Mzee akakubali, kwa sharti kwamba kila mwaka baba amchongee mpini wa jembe. Mkole ni mti unaopinda bila kuvunjika, na baba aliuchagua kama watu wanavyochagua mchumba: anazunguka, anarudi, anagusa, anaondoka, anarudi tena. Hakutaka wenye kifundo. Aliuparura kwa panga, kisha kwa kipande cha chupa, akaupitisha juu ya makaa, akaupaka mafuta, akaukunja polepole gotini. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, na mti ni vile vile.

Kabla ya hayo yote ilibidi apime. Na wa kumpimia hakuwepo isipokuwa mimi, niliyelingana na Shukuru.

Aliniita mlangoni, miguu mitupu, mgongo kwenye nguzo. "Simama sawa. Usipumue." Ncha ya ufito aliiweka kati ya vidole vya mguu wangu, akaupandisha ufito wima mbele ya tumbo, akabonyeza kidole gumba kitovuni, na hapo akatia alama kwa kisu. Kidole kilikuwa kigumu, chenye joto, kikinuka moshi. Nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu: katika mwaka mzima, ile ndiyo siku pekee aliyonigusa baba. Uso wangu hakuutazama. Nilijua kwamba tumbo lilikuwa langu lakini kitovu alichokuwa akikipima hakikuwa changu. Hata hivyo niliingoja siku ile kuliko Krismasi.

Upinde ukikamilika aliufunga upote, yaani ile kamba aliyoisokota kwa kano za ng'ombe, akauvuta mara moja kuujaribu, akaulegeza papo hapo. Aliniambia upinde ukiachwa na upote wake huchoka, huzoea kukaa umepinda, na siku ukiuhitaji hauna nguvu tena. Kisha aliutundika juu ya mkeka wa Shukuru. Majirani walicheka. Walisema labda huyu baba anataka kuwinda viboko wa ziwa la Nakivale, maana mnyama mwingine hapa ni mbuzi wa watu. Mwaka wa pili baba akatundika wa pili, mrefu kidogo kuliko wa kwanza. Wa tatu. Wa nne. Ilikuwa kama Shukuru anakua ukutani.

Nilipotimiza miaka kumi na moja, baba alinichukua kwenda Kabingo, nje ya makazi. Yule mzee mfugaji alikuwa amelala huko kwa mwanawe, mgonjwa, na baba hakutaka deni la mpini limkute kaburini. Sijui kwa nini aliubeba na upinde mpya, wa tano. Nafikiri hakutaka kuuacha kabla haujakauka vizuri. Njiani askari mmoja akatusimamisha.

"Wewe mzee, hii kitu unapeleka wapi?"

Baba akasema ni upinde wa mtoto, wa kuchezea.

"Mutoto gani? Huyo mutoto iko wapi?"

Baba aliutazama upinde hadi askari akaanza kumtazama vingine. Ndipo baba akaninyooshea kidole.

"Ni ya huyu."

Askari akacheka, akasema msichana mwenye upinde atawafukuza wachumba wote, akaturuhusu kupita. Mimi sikucheka. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, si siku ya ndoa yangu, si siku nilipojifungua. Niliomba kuubeba, baba akanipa. Nikaubeba mpaka Kabingo na kurudi, begani, vidole vikinuka mafuta ya mbuzi, nikiwaza kwamba kumbe miaka yote ile alikuwa akinichongea mimi, tatizo ni kwamba hakujua namna ya kusema.

Tulipofika nyumbani akaunyakua begani mwangu, akautundika juu ya mkeka, akamwita mama. "Shukuru sasa amefika hapa," akamwambia, akionyesha kwa kiganja. Kiganja kilikuwa sawasawa na utosi wangu, nami nilikuwa nimesimama palepale. Nilikwenda chooni nikalia kwa hasira. Siku ile nilimchukia ndugu yangu, mtoto wa miaka sita aliyepotea mtoni, nikamchukia kwa moyo wote.

Kwa hiyo mwaka uliofuata nilijiandaa. Nilijiambia upinde usipoongezeka, basi Shukuru hajaongezeka. Na kama hajaongezeka, baba ataacha kumngoja, atageuka anione mimi. Ni akili ya mtoto, lakini ilikuwa akili yangu yote. Mwezi wa nane ulipofika nilivaa kitenge cha mama kilichofika hadi vifundoni. Baba aliponiita mlangoni, nikaegemea nguzo, na ndani ya kitenge nikakunja magoti.

Akaupandisha ufito. Akaweka kidole gumba. Akakaa hivyo, kisu mkononi, bila kutia alama. Akatazama chini, kwenye pindo la kitenge lililokuwa limekusanyika vumbini. Kisha akainua macho akanitazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza, na sikuweza kuyavumilia macho yale, nikatazama pembeni. "Basi," akasema. "Inatosha." Akaushusha upinde wa tano ukutani, akaulaza kando ya ufito, akakata palepale ulipoishia.

Wa sita aliuchonga kwa siku nne. Alipomaliza akaufunga upote, akautundika. Hakuulegeza. Nilimkumbusha, akasema anajua.

Siku ya tano nyumba ikajaa watu. Mama alikuwa sakafuni, wanawake wa kanisa wamemshika mikono asijipige. Mchungaji akasema habari imefika kutoka nyumbani kwamba mtoto Shukuru hayupo duniani. Tukaimba, tukalia, tukakaa matanga pasipo kaburi. Mama akaukunja mkeka. Sahani akampa jirani. Mimi nilikaa nyuma ya nyumba, nimeyakumbatia magoti yangu, nikijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyejua: ni mimi niliyemuua. Nilimzuia asikue, naye akafa.

Baba hakunipima tena. Nilikua, nikaolewa, nikahamia Mbarara kushona nguo, nikazaa. Kila mtoto wangu aliposimama kwa mara ya kwanza niliyatazama magoti yake nikaogopa. Haya si mambo unayomweleza mume.

Mwaka jana baba alikuja kukaa nami hapa Kamukuzi, kwa ajili ya hospitali. Kifua kilikuwa kimemalizika. Alasiri moja alikuwa amekaa mlangoni kwenye mkeka, moshi wa jirani ukatufikia. Akanusa, akasema yule bwana anaunguza miti yake, makaa ni mengi mno. Nilikuwa nikimenya ndizi. Sijui nguvu nilizitoa wapi, nikaweka kisu chini nikamwambia yote: kitenge, magoti, kilichokuwa moyoni mwangu. Nikamwambia nilimuua Shukuru.

Baba alikohoa mpaka kikohozi kikamwachia.

"Magoti niliyaona," akasema. "Lakini habari ilikuwa imenifikia mbele. Mwezi muzima mbele. Mutu wa kwetu alipita mu Kabazana, akanielezea. Bale bantu ba nyuma yetu balimuzika Shukuru ile siku ile ile, fasi ya mutoni. Na upinde wake."

Nikamuuliza, ikiwa alishajua kwamba waliotufuata nyuma walimzika palepale mtoni, kwa nini basi alinipima.

"Nilienda kukata muti vile vile. Mikono yangu ilikuwa bado haiyasikia habari." Akaitazama mikono yenyewe, juu na chini. "Kama ungesimama sawa, ningekata murefu. Ningeendelea mpaka leo. Wakati ulikunja magoti nikasema, huyu mutoto ananisaidia. Nikamaliza ile ya mwisho, nikaenda kuelezea muchungaji. Ulinisaidia, mama."

Alifariki wiki tatu baadaye. Tulimrudisha Nakivale, tukamzika kando ya shamba lake la maharage. Mama akanikabidhi pinde zote sita, zimeviringishwa ndani ya mkeka ule uliokuwa wa Shukuru.

Nilizipanga ukutani humu chumbani, watoto wakiwa shuleni, kutoka ule wa kwanza hadi wa sita. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilipaswa kulielewa zamani. Shukuru alibaki na miaka sita. Hakuwahi kuhitaji upinde mrefu kuliko ule aliorudi kuuokota. Vidole vyote vya urefu vilivyoongezeka hapo ukutani, mwaka baada ya mwaka, vilikuwa vyangu. Sina picha hata moja ya utoto wangu. Nina hizi. Sijui kama baba aliliona hilo. Sikuwahi kumuuliza, na hilo nalijutia kuliko magoti.

Wa sita ulikuwa bado na upote wake. Nikaukata kwa mkasi wa kushonea. Mti haukunyooka. Nikauegemeza kando ya wa tano, nikavua viatu, nikaweka mgongo wangu kwenye nguzo ya mlango. Nilisimama hapo kitambo, nimenyoosha magoti, ndipo nikatambua kwamba nilikuwa sipumui.