Mgombea Mlangoni kwa Bibi Stanka

Aliyenituma ni mke wangu. Alisema, "Baba Rose, nenda ukamwone mtoto. Anasema anafanya kazi, lakini kila nikimpigia yuko kitandani, kompyuta mapajani. Kazi gani hiyo ya kitandani?"

Mimi shule niliishia darasa la nne, nikawapikia polisi posho na maharage mpaka nikastaafu, kwa hiyo ya kompyuta siyajui. Ila nilijua jambo ambalo mama yake hakulijua, maana Rose aliniambia mimi peke yangu. Alikuwa amepanga chumba kwa bei nafuu katika mji mdogo wa Bulgaria, chini ya mlima wa theluji. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia kwamba theluji ikianguka atamtoa, awapangishe wageni wanaokuja kuteleza mlimani, wanaolipa mara nne yake. Akitoka pale, kwingine hawezi kulipa. Ingebidi arudi kwetu Kisugu, ambako umeme ukikatika na kazi yake imekatika. Na ile kazi alikuwa ameitafuta miaka.

Entebbe, kijana wa uhamiaji aliniuliza, "Mzee, Bulgaria unaenda kufanya nini?"

"Kumwangalia mtoto."

"Mtoto ana umri gani?"

"Thelathini na mmoja."

Alicheka mpaka akafuta macho, ndipo akagonga muhuri.

Ndege nitaipita haraka, maana nililala. Nilishtuka tulipobadilisha ndege Istanbul, nikiwa nimekumbatia kopo la siagi ya karanga na ufuta ambayo mke wangu aliisaga mwenyewe. Yeye ni Mkatoliki wa Lubaga, mimi ni Mwislamu wa kambi ya polisi, na kitu ambacho hatujawahi kubishania ni karanga.

Kutoka Sofia tulipanda basi kubwa, Rose na mimi, maana alikuja kunipokea na koti mkononi. Milima ilianza polepole kama ile ya Kabale, halafu ikasimama ghafla, mirefu, miti imevaa rangi ya kutu. Theluji ilikuwa bado juu kileleni. Rose aliitazama njia nzima kama mtu anayemtazama mdai wake.

Chumba chake kilikuwa cha chini, mwenye nyumba akikaa juu, jiko la kuni katikati. Hapo nikaona jinsi mtu anavyoishi kwa kidogo katika mji wa matajiri. Wageni wa kuteleza wanakula hotelini. Rose ananunua kabichi na maharage soko la Jumapili, kwa kina mama walioshuka navyo kutoka vijijini. Anapasha moto chumba kimoja tu. Mtandao na meza anashirikiana na vijana wengine wa nchi nyingi, wote hawana ofisi, wote wanaogopa theluji kama yeye.

Asubuhi ya kwanza nilikaa nikamtazama akifanya kazi. Anawatengenezea kurasa za mtandao wenye maduka asiowajua. Aliongea na kompyuta, akacheka nayo, akagombana nayo, na jua lilipotua alikuwa amechoka kama mtu aliyelima. Nikamtumia mke wangu ujumbe wa sauti: "Mama Rose, ni kazi. Tena ni ngumu."

Sasa nisikilizeni kosa langu.

Kesho yake nilitoka kunyoosha miguu, nikaona karatasi zenye picha za watu kila mahali. Kwenye nguzo, kwenye milango, kwenye kituo cha basi. Mtu ametulia, jina kubwa chini, na maandishi yao yale ambayo hata aliyesoma hayasomi. Nani wa Kampala hajui picha za namna hiyo? Kwetu wakati wa kura hata choo kinabandikwa mgombea. Nikasema moyoni, kumbe nimefika wakati wa uchaguzi. Nikapenda kitu kimoja: wagombea wengi walikuwa wazee, hata mabibi wa vitambaa kichwani. Nikasema nchi hii inaheshimu watu wazima.

Na mlangoni kwa mwenye nyumba, Bibi Stanka, palikuwa na mzee mwenye masharubu. (Kwao bibi kizee anaitwa baba, basi Rose akiita "Baba!" uani, tunageuka wawili.) Nikaona hapa ndipo pa kumsaidia mwanangu. Mwenye nyumba ana mgombea wake. Nikimuunga mkono mgombea, mwenye nyumba atalainika.

Bibi Stanka alitoka na ndoo, amevaa nyeusi. Nikaonyesha ile picha, nikanyanyua dole gumba, nikapiga makofi. "Huyu atapita!" nikasema. "Atapita asubuhi na mapema!" Nikacheza hata kidogo, kama tunavyocheza nyuma ya gari la kampeni.

Bibi Stanka aliweka ndoo chini. Alinitazama, akaitazama picha, akaingia ndani akafunga mlango.

Rose alitoka mbio. "Baba, umefanya nini?"

"Nimempigia kampeni mgombea wake."

Alishika kichwa. "Banange, Baba! Huyo ni mume wake. Amekufa. Hapa mtu akifa wanabandika picha yake, watu wajue. Wote hao uliowaona barabarani ni marehemu."

Nikakaa kwenye ngazi. Mji mzima nimeupungia mkono, kumbe ni makaburi. Halafu likanijia swali.

"Alikufa lini?"

"Wiki kadhaa sasa. Arobaini yake ni keshokutwa."

"Na wewe ulienda kukaa naye?"

Rose akatazama chini. "Nilimwambia pole mlangoni. Sikumjua huyo mzee, Baba. Alikuwa mgonjwa ndani. Na hapa watu hawaingiliani."

"Umelala chini ya paa la marehemu, na hujakaa hata kwenye kiti?"

Mimi nilimkosea yule mama kwa makelele, yeye kwa kimya, na sijui lililoumiza zaidi ni lipi.

Siku ya arobaini tulipanda juu. Mimi nilibeba kuni, maana msibani mwanamume haendi mikono mitupu, na Rose alibeba sufuria ya maharage niliyoyapika kwa ile siagi ya karanga. Bibi Stanka alifungua mlango, akaziona kuni na sufuria. Halafu akasogea tukapita. Alikuwa peke yake na majirani wawili wazee. Alitupa ngano iliyochemshwa kwa sukari, chakula chao cha kuwakumbuka wafu. Nikamwambia Rose amfasirie: "Hata sisi Waislamu tuna arobaini. Nisamehe. Kwetu picha mlangoni ni ya mtu anayeomba kura."

Rose alifasiri kwa woga. Mabega ya Bibi Stanka yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Anasema," Rose alisema huku naye akijizuia, "mumewe aligombea kweli, zamani, udiwani. Akashindwa vibaya. Anasema hata yeye hakumpigia."

"Kwa nini?"

"Angeshinda, asingekuwa anarudi nyumbani kula."

Tulicheka sote, wale majirani mpaka wakashika meza. Ndipo akatusimulia habari za mumewe: jinsi alivyofanya kazi maisha yote kwenye viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani, na yeye mwenyewe hakuteleza hata siku moja, akisema Mungu alimpa miguu ya kutembea. Maharage yetu Bibi Stanka aliyamaliza. Tangu siku ile Rose alikuwa akipanda kila jioni kumwashia moto, bila kutumwa.

Theluji ilianguka wiki yangu ya mwisho. Nilitoka nje nikaishika. Sitawadanganya, ni baridi tu. Simu ya Bibi Stanka ililia tukiwa kwake. Ni mwanawe wa Ujerumani, anauliza wageni wa kuteleza wanaingia lini chumba cha chini. Mama alijibu kwa ufupi, akakata, akaendelea kukoroga chai.

"Amesema nini?" nikauliza.

Rose alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili. "Amesema, chumba cha chini kina mtu."

Siku ya kuondoka, Bibi Stanka alisimama mlangoni kando ya ile picha, akaninyanyulia dole gumba.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilidhani mtu anaishi ugenini kwa bei ya chumba. Kumbe chumba ni cha mwenye kuingia msibani.

Juzi, hapa Kisugu, Rose alituma picha: ni karatasi mpya mlangoni, ya miezi sita tangu yule mzee afariki, wamebandika yeye na Bibi Stanka. Jirani yetu Mama Feza, Mkongomani anayeuza vitenge, akachungulia simu yangu. "Mzee, huyu muzungu anagombea nini?"

"Aligombea zamani," nikamwambia. "Hata mke wake hakumpigia." Kisha nikamvutia kiti, maana habari ya msiba haisikilizwi mtu akiwa amesimama.