Mbwa wa Verna Hafi

Katika vitabu vya Verna Heikkinen, binadamu huwa ameshauawa kufikia ukurasa wa tisa. Mmoja alipigwa kasia, mwingine akafungiwa ndani ya sauna, wa tatu akalishwa uyoga wenye sumu, na hakuna msomaji aliyewahi kulalamika. Ila mbwa hafi. Hiyo ndiyo sheria ya hadithi za upelelezi wa mji mdogo, zile za kahawa na keki, na kila anayeziandika anaijua kuliko amri kumi. Mwaka jana Verna aliivunja.

Verna anaendesha basi la shule hapa Negaunee, mji wetu mdogo wa theluji. Huandika kati ya safari ya asubuhi na ya mchana, ndani ya basi, na hita imewashwa. Hana mchapishaji. Mhariri anamtafuta mwenyewe, jalada analiagiza mwenyewe, na kuuza anauza mwenyewe kwenye duka la mtandaoni. Vitabu sita vimetoka hivyo. Mpelelezi wake ni dereva wa basi mwenye mbwa aitwaye Pekka, ambaye ni Pulla mtupu, mbwa wa Verna wa kweli, kasoro jina. Mimi naandika habari za wachunga ng'ombe wenye bastola. Kitabu changu cha mwisho kilinunuliwa na watu kumi na mmoja, na watatu kati yao ni dada zangu.

Kila Jumanne tunakutana chumba cha nyuma cha maktaba, mimi, Verna na Marlys, anayeandika hadithi za mapenzi na kutupita sote kwa mauzo. Tunatega saa ya jikoni dakika ishirini na tano na kuandika kimya. Anayefungua mdomo kabla haijalia, kahawa ni juu yake. Jumanne moja ya Aprili Verna alifungua wake dakika ya tatu.

"Wamenigeuka," alisema. "Kumi na mmoja. Wa kumi na mbili hajajibu, labda amezimia."

Hao ni wasomaji wake wa mwanzo, wanaopewa kitabu kabla hakijatoka ili wawinde makosa. Alikuwa amewatumia kitabu cha saba. Sura ya ishirini na tisa, Pekka anakufa.

Marlys aliweka kalamu chini. "Umemuua Pekka? Wewe mama, una akili kweli?"

"Mbwa wanakufa, Marlys. Ndiyo ukweli wenyewe."

"Ukweli peleka gazetini! Watu wanamfuata huyo mbwa, bibie. Ukamweka hadi kwenye jalada. Hiyo ni ahadi."

"Basi nimechoka kudanganya."

Nikaona nami nitie neno. "Labda angeumia tu kidogo..."

"Wewe bwana ng'ombe, nyamaza. Kwako hata farasi hawana majina."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli.

Ila sote tulijua kilichokuwa kinazungumza. Pulla alikufa Februari. Nyonga zilimwisha, na miezi yake ya mwisho Verna alimtengenezea ubao wa kupandia barazani, akaupigilia vipande vya zulia asiteleze. Ubao ulikuwa bado pale, umeganda barafu juu ya ngazi, na kila mgeni aliuruka. Hakuna aliyethubutu kusema tuuondoe. Hata Marlys, ambaye hathubutu kunyamaza.

Mwisho wa kubadilisha kitabu ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo duka hufunga mlango na kuwatumia watu kilichopo, na kilichopo kilikuwa na Pekka maiti. Wasomaji mia nne walikuwa wameshaagiza. Nilijua wakimkimbia Verna hawarudi, maana vitabu vya mbwa mzima viko tele. Nilimwambia hivyo. Akasema waende.

Alhamisi akanipigia simu. Yule wa kumi na mbili alikuwa amejibu, mama mmoja wa Nebraska aitwaye Odette. Verna alinisomea kwa sauti ileile anayoitia majina ya watoto ndani ya basi.

"Mpendwa Verna. Sura ni nzuri, sijaona kosa. Ule ubao wenye zulia uliouandika umeniliza, maana hata mimi niliwahi kutengeneza kama huo. Nimezika mbwa wanne. Habari za wanaokufa sihitaji kuelezwa. Wa kwako nilikuwa namfuata kwa sababu ni yeye tu aliyebaki."

Mimi kimya cha simu sikiwezi, nikaropoka. "Ameandika vizuri kuliko mimi."

"Kila mtu anaandika vizuri kuliko wewe, Gordy," alisema, kisha akaanza kulia. Na mimi nikalia, nikiwa nimesimama jikoni na sufuria mkononi.

Ijumaa, watoto waliposhuka, nilimpelekea mkate wa nyama na saa ya jikoni. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa cha basi, magoti kidevuni, nikabana mdomo. Saa ililia mara tano. Saa sita kasoro dakika kumi akabonyeza kitufe cha kutuma, akapumua, na kunipa kompyuta nisome.

Pekka anaumwa nyonga. Mpelelezi anampigilia ubao wenye vipande vya zulia. Mbwa anaunusa, anaudharau, anazunguka uani mara mbili, halafu anapanda polepole hadi juu na kulala mlangoni, akimzibia kila mtu njia. Basi. Sura imekwisha.

Jioni aliniita kwake. Nilimkuta barazani na sepetu, anagonga barafu ya ule ubao.

"Shika upande huo," alisema.

"Verna, una hakika?"

"Ubao umeshahamia kwa Pekka. Hapa nani anautumia?"

Tuliubeba hadi bandani. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na kwenye zulia bado kulikuwa na manyoya. Verna aliyagusa kwa kidole, hakuyatoa. Kisha tukarudi kunywa kahawa, na kwa mara ya kwanza tangu Februari nilipanda ngazi zile bila kuruka kitu.