Hironimus na Gari la Mlango wa Kusukuma

Simu ilipoita, Asumpta alikuwa amepanda kwenye stuli dukani kwake Mfaranyaki, mjini Songea, anamtungulia mteja beseni. Aliyepiga alikuwa baba yake mdogo, Pankrasi, kutoka hospitali.

"Asumpta, mwanangu, umekaa?"

"Nimesimama, baba mdogo."

"Basi ukae."

Akashuka, akaketi juu ya gunia la sukari.

"Kaka ametutoka. Sasa hivi. Padre alikuwa ameshampaka mafuta. Ameondoka vizuri, bila kuhangaika."

Kabla hajajibu, simu ilimtetemekea sikioni. Ujumbe umeingia. Pankrasi alipokata, Asumpta aliusoma kwa sababu tu macho yalitaka pa kwenda. Ulitoka kwa Abdulatifu, dalali wa magari wa Dar es Salaam, aliyekuwa akipatana bei na baba yake kupitia simu hiyo hiyo: "Shikamoo mzee wangu. Naona umeninunia kabisa. Haya, bosi amekubali kushuka tena. Niambie neno moja tu."

Mzee wake hakuwa na neno tena.

Marehemu Hironimus Haule alikuwa fundi seremala. Alizaliwa kijijini Mpitimbi, akafundishwa randa na patasi na mabruda wa misheni, akahamia mjini Songea akiwa kijana. Mabenchi ya kanisani kwao alikuwa ameyatengeneza yeye, na nyumba nyingi za Mfaranyaki zinafungwa kwa milango yake. Lakini mtaani hawakumjua sana kwa mbao. Walimjua kwa kupatana bei.

Hironimus alipatana kila kitu, kuanzia bati hadi fungu la mchicha, na silaha yake ilikuwa moja: kuondoka. Alitaja bei yake, akikataliwa aliweka mikono nyuma na kwenda zake polepole, bila kugeuka, mpaka aitwe. Asipoitwa aliendelea kwenda. Yupo muuza mbuzi mmoja aliyemfuata hadi nyumbani akimwita njia nzima, na mbuzi nyuma yake. Mke wake, Notburga, wakienda naye sokoni alikuwa anasimama mbali, anajifanya kutazama kanga, ili asijulikane ni wa nani.

Kitu kimoja tu hakukipatana maisha yake yote, nacho ni jeneza. Aliyekuja kuagiza jeneza alisikia bei mara moja, akatoa alichonacho, na mazungumzo yakaisha.

Habari ya gari ilianzia kwenye goti. Notburga alianguka na bodaboda akiwahi Misa ya asubuhi, na goti halikurudi kukunjika. Tangu hapo Komunyo aliletewa nyumbani. Hironimus alimchongea fimbo, akamtengenezea kiti cha peke yake, tena kizuri, lakini kiti hakikumfikisha kanisani. Siku moja akamwambia mbele ya Asumpta:

"Mama Asumpta, Pasaka hii hutaikalia nyumbani. Utakwenda Misa na gari lako."

Notburga akacheka. "Wewe mchicha tu unapatana asubuhi nzima. Gari utalimaliza Pasaka ya mwaka gani?"

"Hii hii. Na hela nitaziweka kwenye akaunti yako. Gari la kwako, hela za kwako. Mimi kazi yangu kupatana."

Alitaka gari jipya. Gari jipya, kwa kauli ya watu wa Songea, ni gari lililozeeka kwa Wajapani lakini halijaguswa na sisi. Alilolichagua lilikuwa gari dogo la kijivu liitwalo Raumu, kwa sababu sakafu yake iko chini na mlango wa nyuma haufunguki kwa nje, unasukumwa pembeni ukateleza. Seremala akaupenda mlango ule kabla ya injini. "Huu ni mlango wa mtu mwenye goti," alisema.

Yadi za magari ziko Dar, lakini siku hizi zinaingia kwenye simu: picha ya gari, bei chini yake, na namba ya wasapu. Hironimus alikuwa anasema, Asumpta anaandika.

"Andika: Hamjambo huko? Sisi huku hatujambo, mvua zinanyesha, mahindi yamebeba. Watoto wanaendeleaje?"

"Baba, hawa wanataka kujua gari gani tu."

"Mtu asiyejibu salamu utampaje hela zako? Andika."

Wakaandikia wauzaji watatu. Wawili walijibu kwa bei na onyo kwamba ofa inaisha Ijumaa. Abdulatifu peke yake aliandika: "Shikamoo mzee. Watoto wazima, mdogo ana mafua." Kuanzia hapo Hironimus hakuuliza bei bila kuanza na yale mafua.

Wale wawili wasio na adabu hakuwaacha, aliwatumia kama fimbo. Bei ya huyu alimtumia yule, ya yule akampelekea wa tatu, akingoja washindane kushuka. Akastaajabu kuona bei inapanda. Kila alipozidi kuuliza, ilizidi kupanda. Mwishowe Abdulatifu akamnong'oneza:

"Mzee wangu, fanya haraka. Bosi anasema gari hili lina wateja watatu. Mmoja yuko huko huko Songea, mbishi sana, kila siku anauliza."

"Songea?" Hironimus akavua miwani. "Nani huyo Songea anayelitaka gari la mke wangu?"

Akawapitia kichwani watu wa mjini wenye uwezo, mmoja mmoja, akaishia kwa mdogo wake mwenyewe. Pankrasi alikuwa ameuza soya vizuri mwaka ule, na alikuwa amewahi kuisifu picha ya Raumu. Jumapili iliyofuata, padre aliposema watakiane amani, Hironimus alimpa mkono wa mbele yake, akampa wa nyuma yake, akaenda hadi kwa mtoto asiyemjua, na Pankrasi, aliyekaa naye benchi moja, akabaki na mkono hewani kama anayesimamisha basi.

Ni Asumpta aliyefumbua jambo lile. Alikuwa anazilinganisha picha za wauzaji watatu, akaona nyuma ya kila gari ndoo ile ile ya njano, na dekio lile lile limelala juu yake.

"Baba, gari ni moja. Hawa wote watatu ni madalali wa bosi mmoja, kwenye yadi moja. Wateja watatu wa bosi ni wewe, na wewe, na wewe."

Hironimus akazihesabu ndoo kwa kidole, moja, mbili, tatu.

"Kumbe," akasema, "ndiyo maana yule wa Songea alikuwa mgumu."

Jioni hiyo akaenda kwa Pankrasi, akasimama mlangoni na kunyoosha mkono. "Nimekuletea ile amani ya Jumapili."

"Imechelewa," Pankrasi akasema, "ila haijaoza. Ingia."

Wale wawili wakaachwa, akabaki Abdulatifu. Na kwa kuwa sasa alikuwa anapatana na mtu mmoja, Hironimus akarudi kwenye silaha yake.

"Mwambie bei hiyo hapana. Sasa zima simu, tunaondoka."

"Baba, huyu yuko Dar. Hawezi kutuona tukiondoka."

"Ataona tu."

Akainuka kibarazani, akaweka mikono nyuma, akatembea polepole hadi getini bila kugeuka, kama vile Abdulatifu amekaa pale kwenye kiti anamtazama. Asubuhi simu ilipowashwa, bei ilikuwa imeshuka kidogo. Akarudia siku nyingine, ikashuka tena. Mara ya tatu alipofika getini aliishika nguzo, akasema kifua kinambana.

Wiki ile ya hospitali hakuna aliyekumbuka kumjibu Abdulatifu. Naye, akiwa huko Dar, alihesabu kwamba mzee ameondoka kweli safari hii, wala hageuki. Akaanza kumfuata. Kila siku alituma ujumbe, na bei ya kila ujumbe ilikuwa chini ya ile ya uliotangulia. Mmojawapo ndio uliomkuta Asumpta juu ya gunia la sukari.

Msiba ukakaa nyumbani. Turubai likafungwa uani, akina mama wa jumuiya ya kanisani wakatandika mikeka na kushika rozari. Notburga aliketi katikati yao, mguu mmoja ameunyoosha. Mazishi yalipangwa kufanyika Mpitimbi, na usafiri uliopatikana ulikuwa lori na basi dogo la kukodi, vyote vya kupandwa kwa ngazi ndefu. Ndugu walikuwa wameshashauriana: mjane aage mwili nyumbani, abaki. Asiende kaburini.

Notburga alilisikiliza shauri hilo hadi mwisho. Baadaye akamwita binti yake.

"Yule mtu wa Dar amenyamaza?"

"Hajanyamaza, mama. Anashuka tu."

"Ameshuka mpaka wapi?"

Asumpta akamwinamia sikioni, akamtajia.

"Yesu na Maria," Notburga akasema. "Tangu anioe hajawahi kuondoka akashushiwa kiasi hicho." Akina mama waliokuwa karibu hawakujua wacheke au walie, wakafanya yote mawili. Notburga akajifuta kwa ncha ya kanga. "Lakini mwambie ukweli. Sitaki kununua kitu cha mtu kwa kumficha kwamba mume wangu amekufa."

Asumpta akaandika kwamba mzee Hironimus ametangulia mbele ya haki. Jibu lilikuja upesi: "Mwambie mzee hii mbinu sijawahi kuiona tangu nianze kazi. Haya, ameshinda. Nashusha na hapo nilipokuwa nimekwama."

Ikabidi Asumpta ainue simu amrekodie sauti za rozari na vilio vya uani. Safari hii Abdulatifu akapiga.

"Inna lillahi. Dada, nisamehe. Mimi na mzee tulikuwa tunaongea kuliko ninavyoongea na baba yangu. Alikuwa anamuulizia mwanangu kila siku." Akavuta pumzi. "Bei niliyosema ya mwisho ibaki hiyo hiyo, sirudi nyuma. Ila dereva wa kulileta mtamlipa nyie."

Asumpta akampa mama yake simu.

"Dereva tunamlipa nusu, mwanangu," Notburga akasema. "Na unijibu sasa hivi, maana mimi siwezi kutembea nikaondoka. Goti halinipi."

Abdulatifu akakubali nusu.

Pankrasi aliposikia, aliingia ndani na kuchuchumaa mbele ya mkeka. "Shemeji, watu watasema. Mwili haujazikwa, gari linaingia uani!"

"Watasema. Na nisipokwenda kumzika mume wangu watasema pia. Bora waseme nikiwa nimemzika."

Pankrasi akafikiri, akampigia simu binti yake Leticia, anayeishi Dar na alikuwa anajiandaa kuja msibani. Leticia akapitia yadini, akalikuta gari, akaikuta na ndoo ya njano, ndipo hela zikatoka kwenye akaunti ya Notburga. Akapanda humo humo pamoja na dereva.

Jeneza lilichongwa na Osmund, aliyejifunza useremala kwa Hironimus tangu ujana wake na sasa ana karakana yake. Pankrasi, kwa mazoea tu, alimuuliza bei.

"Baba mdogo," Osmund akasema, "la huyu unapatana na nani?" Bei hakuitaja.

Gari lilifika asubuhi ya mazishi, limerukiwa na tope la barabara ya Madaba hadi kwenye vioo. Wanaume waliokuwa kwenye moto wa uani wakaliinukia wote. Walipiga teke matairi. Walifungua boneti. Mmoja akalala chini kabisa na suti yake ya msiba, akachungulia. Kila mmoja aliuliza bei, na kila aliyetajiwa alitikisa kichwa na kusema mmepigwa. Pankrasi, ambaye siku mbili nyuma hakutaka hata kulisikia, alisimama kifua mbele akilitetea.

"Mmepigwa nini? Hii bei ameipata kaka. Leteni nyie ya chini ya hapa."

Hakuna aliyeleta.

Misa iliadhimishwa kanisani, jeneza likiwa limewekwa mbele ya mabenchi aliyoyatengeneza marehemu. Notburga alishukia mlangoni kwa gari, akaingia kwa fimbo yake, akaketi benchi la kwanza. Ilikuwa bado Kwaresima, Pasaka aliyoahidiwa haijafika. Baada ya Misa jeneza likapakiwa kwenye lori pamoja na wanakwaya, basi dogo likafuata, na Raumu ikafuata nyuma yao polepole hadi Mpitimbi.

Kaburi lilikuwa limechimbwa jirani na la mama yake Hironimus, karibu na shamba la mahindi. Padre alilibariki. Osmund na wanaume wengine watatu waliteremsha jeneza kwa kamba. Asumpta alisukuma mlango wa gari, ukateleza, akamshika mama yake mkono. Notburga alisogea hadi ukingoni, akachota udongo kwa kiganja, akautupa, akasema, "Nenda salama, Hironimus. Tumefika." Wakafuata watoto, ndugu na jumuiya. Vijana walifukia kwa majembe huku kwaya ikiimba. Msalaba ulisimikwa, mashada yakawekwa, sala ya mwisho ikasaliwa. Kisha watu walinawa mikono, wakala chakula chini ya turubai, na wa mjini wakapanda magari kurudi Songea kabla mvua haijaanza.