Sahani ya Nane kwa Mabula

Saa moja asubuhi Msangano, umande haujakauka, na Getruda Simbeye amesimama mbele ya kichanja cha vyombo cha Mzee Mabula. Midomo inacheza, sauti haitoki. Anahesabu sahani. Hahesabu watu, maana kwa wafugaji hawa mtu akihesabiwa anapungua.

"Mama Getruda, sahani zangu hazijahara!" Mabula anamtania kutoka zizini.

"Zingehara ningefika jana, baba."

Getruda, miaka 59, ni mhudumu wa afya wa kijiji hapa bondeni Momba. Shule aliishia darasa la saba. Mshahara hana, ana posho semina ikitokea, na baiskeli yenye breki moja. Lakini ukitaka kujua kipindupindu kinatembea kwa mwendo gani, muulize yeye.

Anaketi, anamwaga maharage kwenye ungo. Kila punje ni mgonjwa wa masika ya mwaka 1998.

"Ugonjwa una ukoo, mwenzangu," anasema. "Kila anayeingia unamwuliza: kabla hujaugua ulimuuguza nani? Ulikunywa wapi? Halafu unamweka chini ya mama yake, yule aliyemwambukiza."

Aliugua mmoja. Baada ya siku tatu, wawili. Siku tatu nyingine, wanne.

"Nikajua wanaofuata ni wanane. Nikawa napishana na watu njiani, wazima, wanacheka, nasema moyoni: wanane kati yenu. Na wakaja wanane kweli."

Sita walipata mama zao. Punje mbili zikabaki pembeni ya ungo, hazina aliyezizaa.

"Bwana Danford, mganga wetu wa zahanati, akasema, 'Mama, umekosea hesabu.' Nikamwambia punje haijizai."

Wale wawili walikuwa wameteka maji kidimbwi kimoja, chini ya boma la Mabula. Na kwa Mabula hakuna aliyesemekana kuugua.

Getruda alipofika, boma lilikuwa kimya. Hata mbwa hakubweka. Mabula, mkewe na watoto watano walikuwa wameketi uani, wanamtazama.

"Hapa wote wazima," Mabula alisema.

Wakati huo waliofia kwenye kambi ya wagonjwa walizikwa na wageni wenye glovu, bila kuoshwa na ndugu zao. Watu waliiogopa kambi kuliko ugonjwa.

Basi akageuka aondoke, ndipo akakiona kichanja. Sahani saba zilikuwa zimeoshwa. Ya nane ilikuwa na vumbi.

"Kitendawili, baba."

"Tega."

"Midomo saba, sahani nane."

Mke wa Mabula akaanza kulia.

Wangeweza kuificha ile sahani. Lakini kwao, kuondoa sahani ya aliye hai ni kumwita kaburini, na mama gani angethubutu?

Ndani ya kibanda cha ndama alilala binti yao Scola, miaka tisa, siku ya tatu ya kuugua. Macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Getruda alimnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, juu ya mkokoteni wa ng'ombe, mpaka kwenye dripu kambini.

Kidimbwi kilizibwa kwa miiba, maji yakachemshwa. "Tukangoja kumi na sita. Wakaja watano. Halafu wawili. Halafu ukimya. Ukoo unaozaa pungufu yake unakwisha."

Leo, miaka kumi na mitano baadaye, Scola ana miaka 24, na ndiye anayeushika ungo, kwa kuwa macho ya Getruda yameanza kuingia ukungu. Kabla ya masika Getruda anataka kumkabidhi kazi. Jina lake ameshalipeleka kwa mtendaji wa kijiji.

"Ukikuta punje haina mama?" anamjaribu.

"Naenda kichanjani."

Scola anaigusa punje ya juu kabisa, ile ya kwanza. "Na hii, mama, ilizaliwa na nani?"

Getruda anaiokota, anaiweka kiganjani mwa Scola.

"Huyo mama yake sikumpata. Alikunywa mahali, na mahali hapo bado papo. Hiyo ndiyo kazi ninayokuachia, mwanangu."